Hariri yako imetenduliwa: namna ya kumaliza mzozo na mkabidhi wa Wikipedia

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na mpaka leo wakabidhi wake, yaani wahariri waliopewa zana za ziada za usimamizi, ni wachache. Aliyeandika makala ya wilaya yenu ndiye anayefuta matusi usiku, ndiye anayefungia akaunti, na pengine ndiye aliyekuachia ujumbe wa karibu siku ulipojiandikisha. Ukikorofishana naye leo, kesho utamkuta tena kwenye makala nyingine. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza wana mamia ya wakabidhi, na tangu 2004 wana kamati ya usuluhishi inayosikiliza kesi ngumu. Sisi hatuna kamati kama hiyo. Kwa hiyo mzozo wetu inabidi umalizwe mapema, na umalizwe palepale ulipozuka.

Kabla ya hatua yenyewe, jambo moja liwe wazi. Mkabidhi si mhariri mkuu wala si mwenye gazeti. Amepewa na jumuia vitufe vichache ambavyo wewe huna: kufuta ukurasa, kulinda ukurasa, kumfungia mtumiaji. Kuhusu kipi kiandikwe ndani ya makala, neno lake lina uzito uleule wa neno lako. Mizozo mingi inaota mizizi kwa sababu mmoja wa hao wawili amesahau hilo, na si lazima awe mkabidhi. Wapo wahariri wanaomwandikia mkabidhi kama wanamwandikia mkuu wa idara, wakimwomba "aidhinishe" makala. Akikataa wanaona wameonewa, wakati hakuwa na mamlaka ya kuidhinisha chochote tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Soma historia ya ukurasa

Fungua historia ya makala. Tazama nani ametendua, yaani ameondoa hariri yako na kurudisha toleo la awali, saa ngapi, na ameandika nini kwenye muhtasari wa hariri. Bonyeza uone tofauti kati ya toleo lako na la kwake, mstari kwa mstari. Mara nyingi utagundua kwamba kilichoondolewa si kile ulichodhani. Labda ni aya moja tu kati ya tano, au ni kigezo, kile kipande cha msimbo kinachopanga ukurasa, ulichokivunja bila kujua, ukurasa mzima ukapinda.

Fahamu pia jinsi mwenzako alivyofika hapo. Wakabidhi hupitia orodha ya mabadiliko ya karibuni, hariri baada ya hariri. Akiona akaunti mpya imeondoa baiti elfu nne na nafasi ya muhtasari iko tupu, atatendua na kuendelea na inayofuata. Hakujui wala hana ugomvi na wewe. Maneno matano tu kwenye muhtasari, mfano "nimeondoa aya iliyojirudia", yangetosha kuzuia jambo zima.

Kwetu kuna sababu zinazojirudia kila wiki, na ni vyema ujikague kwanza. Tafsiri ya kompyuta iliyobandikwa bila kusomwa ndiyo inayoongoza. Inafuatiwa na maneno yaliyonakiliwa kutoka tovuti ya taasisi fulani, yenye hakimiliki. Yapo makala ya watu wanaojiandikia wenyewe au kuwaandikia waajiri wao. Halafu kuna maandishi yanayosomeka kama risala ya msibani: "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika." Maneno mazuri hayo, ila si ya kamusi elezo. Ukijikuta kwenye mojawapo ya mafungu haya, huna mzozo. Una kazi ya kurekebisha.

Usipojikuta humo, amua shida yako ni ya aina gani, kwa kuwa kila aina ina mlango wake. Je, mnabishana juu ya yaliyomo kwenye makala? Au ni mwenendo wa mtu, kama matusi na kejeli? Au ni matumizi ya vile vitufe vya ukabidhi? Ukizichanganya zote kwenye ujumbe mmoja, utajibiwa ile iliyo rahisi kujibiwa na nyingine mbili zitapita.

Hatua ya 2: Usirudishe

Umehariri, ametendua. Basi, zamu ya vitufe imekwisha na imebaki zamu ya maneno. Ukirudisha toleo lako, naye akatendua tena, mmeshaingia kwenye vita vya hariri, na atakayepita hapo ataona watu wawili wanaosukumana tu. Hatakuwa na hamu ya kujua nani alikuwa na chanzo.

Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ya kutendua mara tatu: anayetendua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa, hata kama alikuwa sahihi. Watu wengine huisoma kama ruhusa ya kutendua mara tatu kila siku. Hiyo ni mbinu ya kitoto, na wakabidhi wenye uzoefu huitambua mara moja. Isipokuwa ni matusi, uharibifu wa wazi au kashfa juu ya mtu aliye hai, kutenduana mara moja kunatosha.

Hatua ya 3: Andika kwenye majadiliano ya makala

Mahali ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ukiandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mkabidhi mwenyewe, umelifanya kuwa jambo la wewe na yeye. Ukiandika kwenye majadiliano ya makala yenyewe, linakuwa jambo la makala, na yeyote atakayekuja baadaye atalikuta. Kwenye ukurasa wake huo acha mstari mmoja tu wa kumjulisha kwamba kuna mjadala mahali fulani.

Tuchukue mfano unaouma kidogo: mpaka katika Ziwa Nyasa. Tuseme umeandika kwamba mpaka wa Tanzania na Malawi unapita katikati ya ziwa, na mkabidhi akatendua kwa maneno mawili: "hakuna chanzo". Kinachokuja kichwani haraka ni hiki:

*Nyinyi wakabidhi mnaona Wikipedia ni mali yenu. Kila mtu anajua mpaka uko katikati. Nani kakutuma?*

Ndani ya sentensi tatu hizo hakuna kitu ambacho mwenzako anaweza kukifanyia kazi. Atajitetea yeye, na ziwa litasahaulika. Linganisha na hii:

*Salaam ndugu. Jana ulitendua sentensi yangu kuhusu mpaka. Ni kweli haikuwa na chanzo. Napendekeza isomeke hivi: "Malawi inadai kwamba mpaka unafuata ufukwe wa Tanzania, ikitegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya maji." Ninacho chanzo kwa kila upande. Kuna neno hapo usilokubaliana nalo? ~~~~*

Alama ~~~~ hugeuka kuwa saini yako ukihifadhi. Angalia kilichofanyika. Mwandishi wa ujumbe wa pili amekubali sehemu ya hoja iliyokuwa ya kweli, na hakupoteza kitu. Ameleta maneno kamili yanayoweza kunakiliwa kwenda kwenye makala. Amemaliza kwa swali linalojibika, badala ya "unasemaje?" Na ameacha kuandika nani ana haki ya maji, ameandika nani anadai nini. Hapo ndipo mizozo mingi ya aina hii hulainika, kwa sababu Mtanzania na Mmalawi hawatakubaliana kuhusu ziwa, lakini wanaweza kukubaliana kwamba serikali zao zimesema hivi na vile.

Vyanzo navyo vipimwe kwa kazi vinayofanya. Gazeti la Habari Leo ni la serikali ya Tanzania, kwa hiyo ni chanzo kizuri cha msimamo wa Tanzania, lakini si hakimu wa mpaka. Kwa mada kama hii tafuta na maandishi ya Malawi, na ya watu wa sheria za kimataifa walio nje ya nchi zote mbili. Si lazima yawe ya Kiswahili. Chanzo cha Kiingereza au Kireno kinakubalika, na kwa ziwa hili Kireno kina maana, maana Msumbiji nayo imo. Kwa upande wake mpaka wa katikati ya maji uliwekwa mwaka 1954 na Waingereza na Wareno, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Malawi ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Mhariri anayeleta jambo kama hilo mezani anaheshimika haraka, hata na anayempinga.

Jina la ziwa ni ugomvi mwingine, na ni bora usiuingize kwenye ule wa mpaka. Malawi wanasema Ziwa Malawi, Msumbiji wanasema Niassa. Kwa makala ya Kiswahili suluhisho ni jepesi: kichwa kifuate jina lililozoeleka kwa wasemaji wa Kiswahili, sentensi ya kwanza itaje majina mengine, na kila jina liwe na ukurasa wa kuelekeza kwenye makala. Ukidhani watu wazima hawawezi kuhangaika na jina muda mrefu, ujue kwamba kwenye Wikipedia ya Kiingereza walibishana kwa zaidi ya miaka minane kama neno "yogurt" liandikwe na herufi "h" au bila "h". Lilitulia Desemba 2011.

Hatua ya 4: Mpe muda

Subiri juma zima kabla ya kusema umepuuzwa. Mwenzako ana kazi yake, anahariri usiku bando likiruhusu, pengine umeme umekatika, pengine ni Ramadhani au anasahihisha mitihani. Makala ikikaa na toleo usilolipenda kwa siku saba hakuna atakayekufa. Juma likiisha bila jibu, mkumbushe mara moja kwa heshima. Akikaa kimya tena, weka sentensi yako mpya pamoja na vyanzo vyake, na kwenye muhtasari andika "angalia majadiliano". Hapo hata akitendua, rekodi iko upande wako.

Hatua ya 5: Mwite mtu wa tatu

Mmeshazungushana mara mbili tatu na mnarudia hoja zilezile. Sasa peleka kwenye ukurasa wa Jumuia, ambao ndio baraza letu. Andika mistari mitano, isizidi: makala ni ipi, wewe unapendekeza nini, mwenzako anapendekeza nini, kiungo cha mjadala, na ombi la maoni. Pendekezo la mwenzako liandike kwa namna ambayo yeye mwenyewe akilisoma atasema, ndiyo, hilo ndilo langu. Ukiliandika kwa kejeli, wasomaji watakwenda kuangalia mjadala wenyewe, na utaumbuka.

Kinachoharibu hatua hii ni kukusanya watu. Kupeleka kiungo kwenye kundi la WhatsApp la marafiki na kusema "njooni mpige kura" huonekana waziwazi, kwa kuwa akaunti sita ambazo hazijahariri kwa mwaka haziamki usiku mmoja kwa bahati. Tena makubaliano kwenye Wikipedia hayahesabiwi kwa vichwa, hoja ndizo zinazopimwa. Kufungua akaunti ya pili ili ujiunge mkono mwenyewe ni kosa kubwa zaidi. Likithibitishwa, hata hoja yako nzuri inazikwa nalo.

Hapa kuna mtego unaowanasa watu wasio na hatia, hasa klabu za Wikipedia vyuoni na warsha. Wanafunzi ishirini wakikaa kwenye maabara moja ya kompyuta wanatoka kwenye mtandao kwa anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho. Wakihariri makala moja na kuungana mkono kwenye mjadala, kwa mtazamaji wa mbali wanafanana kabisa na mtu mmoja mwenye akaunti ishirini. Mkabidhi akiifungia anwani hiyo, warsha nzima inakwama. Isitoshe, anwani moja kwa kawaida hairuhusiwi kufungua akaunti zaidi ya sita kwa siku. Mwandaaji wa warsha afanye mambo mawili siku kadhaa kabla: aandike kwenye ukurasa wa Jumuia tarehe, mahali na mada, na aombe kikomo hicho cha akaunti kiondolewe kwa siku hiyo. Kama una warsha mwezi ujao, mstari huo mmoja utakuokoa na matatizo mengi.

Hatua ya 6: Lalamiko likiwa juu ya vitufe

Makala yako imefutwa. Haijapotea. Wakabidhi bado wanaweza kuona matoleo yaliyofutwa na kuyarudisha. Usiiandike upya kwa jina lilelile usiku uleule. Mwulize aliyefuta sababu, kisha umwombe akurudishie maandishi kwenye ukurasa wako wa majaribio ili uyaboreshe. Ombi hili mara nyingi hukubaliwa, isipokuwa pale maandishi yalipokuwa yamenakiliwa au yanamkashifu mtu.

Umefungiwa. Kwa kawaida bado unaweza kuandika kwenye ukurasa wako mwenyewe wa majadiliano, na huko ndiko rufaa inakoandikwa. Rufaa inayofanikiwa ni fupi na haimtaji mtu mwingine: nilifanya nini, naelewa kwa nini kilileta shida, nitafanya nini tofauti. Kama unaona ulifungiwa kimakosa, weka viungo vya hariri husika ili mkabidhi mwingine azikague. Usiingie kwa akaunti nyingine "kueleza tu". Hiyo ni kukwepa kifungo, na kifungo cha siku moja kinageuka cha muda usiojulikana.

Ukurasa umelindwa, na toleo lililobaki si lako. Duniani kote wanawiki hutaniana kwamba mkabidhi hulinda siku zote toleo lisilo sahihi. Ulinzi hausemi nani kashinda, unasimamisha tu mikono. Andika pendekezo lako kwenye majadiliano na uombe liingizwe.

Upande wa mkabidhi

Kama ni wewe uliyeshika vitufe, swali la kwanza ni hili: nimewahi kubishana kuhusu yaliyomo kwenye makala hii? Jibu likiwa ndiyo, usiilinde, wala usimfungie unayebishana naye. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hata ukivuta kwa haki hakuna atakayeamini. Mwombe mkabidhi mwenzako aangalie. Najua udhuru unaotolewa, kwamba tuko wachache na nikingoja hakuna atakayefanya. Kwa matusi na uharibifu wa wazi udhuru huo unasimama. Kwa mzozo wa yaliyomo hausimami, kwa kuwa makala inaweza kungoja siku mbili na jumuia ikabaki salama.

Kifungo kwa ajili ya vita vya hariri kianze kidogo, saa 24 hivi, na kitanguliwe na onyo lililoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Kigezo kilichotafsiriwa nusunusu chenye viungo vya sera ambazo hazipo kwa Kiswahili ni kumwambia mtu "nenda". Mweleze amefanya nini kwa kiungo cha hariri yenyewe, kanuni ni ipi kwa sentensi moja, na akate rufaa wapi. Ukiwafungia wawili waliopigana, waeleze wote wawili kwa maneno yanayolingana, maana watasoma kurasa za kila mmoja.

Ukiona mkabidhi mwenzako amekosea, usigeuze uamuzi wake kimyakimya. Mwulize kwanza. Wakabidhi wawili wanaofungia na kufungulia akaunti moja mbele ya watu huwavunja moyo wahariri kuliko matusi ya mpita njia.

Na mgeni anayekuja juu kwa hasira ana nafasi ya kuwa mhariri mzuri. Mtu asiyejali haandiki aya sita za malalamiko.

Hatua ya 7: Nje ya Wikipedia ya Kiswahili

Hapa wengi hukimbilia mapema mno. Meta (si kampuni ya Facebook) ni tovuti ya uratibu wa wiki zote za Wikimedia, yaani Wikipedia za kila lugha na tovuti dada zake, na huko wapo mastewadi, wanaochaguliwa na jumuia za dunia nzima. Hawaamui sentensi ya Ziwa Nyasa isomekeje. Wanachofanya ni kuchunguza akaunti bandia kwa wiki zisizo na wachunguzi wao, na kumvua mtu ukabidhi pale jumuia yenyewe imeshaamua. Ukienda bila kiungo cha mjadala wa nyumbani, utarudishwa nyumbani.

Kwa mwenendo mbaya wa kudumu kuna Kanuni ya Maadili ya Jumla, iliyopitishwa na bodi ya Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, mwaka 2021. Inawahusu wakabidhi sawasawa na wahariri, na inakataza wazi kutumia vibaya mamlaka ya ukabidhi. Tangu 2024 ina kamati ya kuisimamia, inayochukua mambo ambayo wiki husika imeshindwa kuyashughulikia. Neno la kushika hapo ni *imeshindwa*. Lazima uonyeshe kwamba ulijaribu.

Kwamba wiki ndogo inaweza kushindwa si nadharia. Wikipedia ya Kikroeshia ilishikwa kwa karibu muongo mmoja na kikundi cha wakabidhi waliopindisha historia ya Vita vya Pili vya Dunia na kuwafungia waliowapinga. Mwaka 2020 aliyekuwa kinara wao alifungiwa kwenye miradi yote, na 2021 Shirika la Wikimedia likatoa tathmini ndefu kuhusu kilichotokea. Kilichowasaidia waliolalamika ni viungo: hariri ya tarehe fulani, kifungo cha tarehe fulani, mjadala uliofutwa. Waliolia bila viungo walilia miaka mingi.

Jambo moja haliendi kwenye ukurasa wowote wa wazi. Mtu akianika jina lako halisi, namba yako ya simu au unapoishi, au akikutishia, usiandike mjadala juu yake, kwani utawaelekeza watu kwenye kilekile unachotaka kifichwe. Mwandikie mkabidhi unayemwamini kwa barua pepe ayafiche matoleo hayo mara moja. Tishio la kudhuru mwili lipeleke moja kwa moja kwa kitengo cha usalama cha Shirika la Wikimedia, na polisi.

Hatua ya 8: Funga mjadala

Mkikubaliana, usiishie kwenye "sawa, nashukuru". Chini ya mjadala andika makubaliano yenyewe kwa sentensi moja au mbili, weka kiungo cha toleo lililokubaliwa, mtie saini wote wawili. Mjadala ukihamishiwa kwenye nyaraka, acha kiungo juu ya ukurasa. Mwakani atakuja mhariri mpya kutoka Kyela au Karonga na kubadilisha sentensi ileile ya mpaka. Atakayetendua hariri yake aweke kiungo hicho kwenye muhtasari, mgeni aanze kusomea hapo.